Kabla ya kwenda Dubai, litizame jua la Chake

SWALI: Assalaamu alaykum Bi Mkubwa. Mimi ni fundi wa nguo za kike hapa Chake Chake, nashonea nyumbani. Kazi ninayo, alhamdulillahi, lakini mawazo yamenikauka. Wateja huja na picha kwenye simu, leo gauni la Lagos, kesho abaya ya Dubai, nami nakopi. Shoga zangu wananiambia fundi asiyesafiri hana jipya, nijikusanye niende Dubai au Istanbul nikaone. Uwezo huo sina. Pili, nikizipiga picha kazi zangu kwa simu hazitoki: nguo ya pichi inatoka nyeupe, buibui jeusi linatoka kijivu. Tatu, nataka mtu akiiona nguo ajue imetoka mkononi mwangu, na mimi mwenyewe sijui nivae vipi. Mwisho, nafikiria kukipaka rangi ya waridi chumba changu cha kushonea ili kinipe hamu ya kazi. Unaonaje? Ni mimi mwanao, Chake Chake.

JIBU: Wa alaykumu salaam, mwanangu. Nianze na hilo linalokuumiza zaidi: Dubai usiende. Ukijaaliwa mtaji, nenda kanunue lesi na satini kama wanavyofanya wafanyabiashara wetu, ufunge mizigo urudi. Lakini kama unakwenda kutafuta mawazo, nauli hiyo itapotea bure. Nguo zako zinavaliwa kwenye jua la Pemba, na macho yako unayalisha mwanga wa kioo cha simu: gauni lililopigwa picha ndani ya studio, kwa taa zilizopangwa, kisha likasafishwa rangi kwa programu. Ukilikopi gauni hilo ukalitoa nje Chake saa saba mchana, unapata nguo nyengine kabisa. Halafu unakaa ukijilaumu kuwa huna kipaji.

Basi tuanze na jua. Safari na mtindo vitafuata.

Kisiwa chenu kiko nyuzi tano na kidogo kusini ya ikweta. Huku jua halipandi kwa mshazari kama la Ulaya, linanyanyuka karibu wima. Linachomoza saa kumi na mbili na dakika zake, na ikifika saa tatu na nusu lishapita nusu ya njia ya kwenda utosini. Asubuhi jua likiwa chini, miale yake inapita kwenye hewa nyingi kabla ya kutufikia. Buluu inatawanyika njiani, tunabakiwa na njano na wekundu. Ndiyo maana kila uso unapendeza saa moja asubuhi. Ule mwanga wa dhahabu, ambao nchi za mbali watu huwa nao kwa muda mrefu wa jioni, sisi unatupitia kwa haraka asubuhi na haraka tena kabla ya magharibi. Baina yake tuna mwanga mweupe, mkali, unaoanguka kutoka juu, unaoweka weusi chini ya macho na chini ya kidevu, na unaokula kila rangi hafifu unayoupa.

Pichi yako imeliwa na mwanga huo. Simu ina makosa yake, nitakuja kwayo, ila hapo haikukusingizia.

Kuna mama mmoja aliniletea lesi ya pichi ya kumshonea binti yake kwa ajili ya mchana wa harusi, shughuli ya uwanjani chini ya turubai lililo wazi pembeni. Dukani, chini ya taa za tyubu, lesi ile ilikuwa tamu ya kuliwa. Nikamshika mkono nikamtoa na lesi yake mpaka nje, jua la saa sita, nikaitandaza ubavuni mwa kanzu nyeupe ya kijana aliyekuwa anapita na baiskeli. Mama akatizama, akanyamaza, akasema: "Kumbe nyeupe hii!" Tukarudi ndani tukachukua pichi iliyokolea kuliko hiyo kwa ngazi mbili, ile ambayo dukani ilionekana nzito na ya kizee. Nje ikawa ndiyo pichi. Tangu zamani nina mazoea ya kumuuliza mteja swali moja kabla ya kumuuliza kipimo: itavaliwa wapi, na saa ngapi? Wewe nawe anza nalo. Mteja mwenye picha ya Lagos akishakujibu swali hilo, picha yake inaanza kuwa yako, kwa sababu rangi itabadilika, kitambaa kitabadilika, na mara nyingi na shingo pia.

Tizama kanga, uone wenzetu waliotutangulia walivyolijua hili. Kisutu cha bibi harusi ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, wala hakuna haya: pindo pana, mji uliojaa, mstari unaosomeka kutoka ng'ambo ya barabara saa sita mchana. Ua jembamba la kijivu juu ya samawati hafifu lingepotea. Na kanga zenyewe kwa miaka mingi zilichapishwa mbali, Ulaya, India, Japani, zikaja kwa meli. Waliochapisha walikuwa huko, lakini waliochagua ni wanawake wa pwani hii, na doti waliyoikataa ilibaki kwenye rafu ikiliwa na vumbi mpaka mfanyabiashara akaandika barua kuomba nyengine. Kitambaa ndicho kilichosafiri. Jicho lilikaa kwao, na lilikuwa jicho kali.

Magharibi kuna mtego mwengine. Mwanga ukififia, jicho la binadamu linaacha kuona wekundu mapema, na buluu na kijani vinabaki vimesimama. Gauni la damu ya mzee linalotikisa saa kumi jioni, likikutwa nje baada ya adhana ya magharibi bila taa linakuwa jeusi tu. Kwa shughuli ya jioni ya nje nashona kijani cha zumaridi, samawati, au nyekundu yenye nyuzi za dhahabu ili ishike taa. Nyekundu tupu naiwekea ukumbi.

Na nyeupe, mwanangu, nyeupe ni somo la peke yake. Vitambaa vingi vyeupe vya siku hizi vimetiwa dawa kiwandani inayomeza ile miale ya jua tusiyoiona na kuirudisha kama mwanga wa buluu. Ndiyo inayofanya kanzu mpya ionekane inawaka. Taa za LED za dukani hazina miale hiyo kwa kiasi cha kutosha. Kwa hiyo kanzu yenye dawa na kofia ya kiua iliyoshonwa kwa uzi wa pamba usio na dawa zitafanana vizuri dukani, bwana harusi atatoka nazo uwanjani, na watu wote wataona kofia ya rangi ya maziwa juu ya kanzu ya buluu. Hakuna aliyemdanganya mwenziwe. Chukua kofia mkononi, chukua kanzu, simama mlangoni mwa duka, nusu ndani nusu nje, ugeuze polepole. Muuza duka akinuna mwache anune. Fanya hivyohivyo na uzi, na bitana, na zipu. Kuna mafundi wazuri sana kwa mkono ambao kazi zao zina kasoro isiyoelezeka, na kasoro yenyewe ni uzi uliolinganishwa chini ya taa.

Sasa cherehani yako iko dirisha gani? Vitabu vya kizungu vinawaambia wachoraji na mafundi wakae na dirisha la kaskazini, kwani kwao jua la mchana liko kusini mwaka mzima, na dirisha la kaskazini linaingiza mwanga wa mbingu tu, uliotulia. Kwetu jua linahama. Mwanzoni mwa Machi linapita utosini, fimbo uliyoisimamisha wima haina kivuli adhuhuri. Kisha linakwenda upande wa kaskazini na kukaa huko mpaka mwanzoni mwa Oktoba, linapita tena utosini kurudi kusini. Kwa hiyo miezi ya masika na kusi dirisha lako la mwanga mtulivu ni la kusini. Ikiingia vuli mpaka mwisho wa kaskazi, hamia la kaskazini. Kama una dirisha moja tu, usihangaike, tundika shuka jeupe jepesi mbele yake saa za jua kali. Lakini kama unayo mawili, kuhamisha cherehani mara mbili kwa mwaka ni kazi ya asubuhi moja, na macho yatakushukuru kwenye kudarizi.

Haya, tuje kwenye safari, ambayo shoga zako hawakukosea kuitaja. Tembea uone, ndivyo tulivyolelewa. Walichokosea ni njia.

Kutoka hapo ulipo panda gari ya Wete, ushuke Kidike. Kuna mahali wanapolala popo wa Pemba, mnyama asiyepatikana popote duniani ila kisiwani kwenu, ambaye aliwahi kupungua sana kwa kuwindwa kabla wanavijiji hawajaanza kumlinda. Mchana wananing'inia juu ya miti kwa makundi. Nenda asubuhi, jua likiwa bado linatoka pembeni, umtizame mmoja tu, na usiwe na haraka. Manyoya ya mwili ni hudhurungi inayokwenda kwenye rangi ya chungwa, na mbawa ni nyeusi, nyembamba, zimekunjwa kumzunguka. Akijinyoosha, zikipigwa na jua kwa nyuma, weusi ule haubaki weusi: unapenyeza mwanga, unakuwa kahawia ya chai iliyokolea, na mishipa inaonekana kama pindo zilizoshonwa kwa ndani. Hapo una nguo nzima, mwanangu: shifoni nyeusi juu ya bitana ya hudhurungi, mishono ikiachwa ionekane, ambayo ndani ya nyumba ni buibui jeusi la heshima, na mvaaji akipita mlangoni jua likimpiga mgongoni inafunguka rangi. Hilo Istanbul hawana. Lipo umbali wa nauli ya gari ya abiria.

Msimu wa karafuu ukifika, usipite tu barabarani ukiziba pua kwa vumbi. Simama kwenye jamvi. Karafuu huchumwa kabla hazijachanua, ziko kijani na zinaanza kuingia wekundu. Zikianikwa zinapita kwenye njano chafu, wekundu wa matofali, mpaka hudhurungi nzito. Mwenye majamvi matatu au manne ya siku tofauti amekupangia ngazi ya rangi bila kujua, na rangi hizo zinakubaliana kwa sababu ni kitu kimoja kinachokauka. Omba ushike chache za kila jamvi na makonyo kidogo, ukafunge kwenye kitambaa. Siku unayotaka kuchanganya rangi tatu kwenye dera moja, zimwage mezani.

Ukipata udhuru wa kwenda Unguja, kaa upande wa dirisha kwenye boti, na simu itie mkobani. Ukitoka bandari ya Mkoani bahari inageuka haraka. Mkondo baina ya Pemba na bara una kina cha zaidi ya mita 700, na maji ya kina humeza wekundu wote wa jua, hayarudishi ila buluu inayokaribia kaniki. Karibu na Unguja kina kinapungua, mchanga mweupe wa chini unaurudisha mwanga, na maji yanakuwa kijani cha maji ya mnanaa, sijui niseme vipi, utaiona mwenyewe. Rangi hizo mbili dukani ukiziweka pamoja utaogopa. Baharini zimegusana mstari kwa mstari na hakuna aliyelalamika.

Mji Mkongwe nenda kwa ajili ya kivuli. Watalii wanapiga picha milango, waache. Wewe simama kichochoroni Kiponda au Mkunazini saa nne ya asubuhi utizame kuta. Nyumba za mawe na chokaa zimesimama karibu karibu, jua haliwezi kushuka mpaka chini, linapiga ukuta wa juu wa upande mmoja tu. Ukuta ule wa chokaa unautupa mwanga upande wa pili, na unaomfikia mtu aliyekaa barazani umeshapoozwa. Uso hauna kivuli kibaya, kitambaa kinaonekana mfumo wake, na nyeusi inabaki nyeusi. Wapiga picha wanalipa fedha nyingi kutengeneza mwanga wa namna hiyo ndani ya studio. Ukimaliza, pita barabara ya Kenyatta utafute Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Ukiikuta wazi, ingia utizame picha za nyeusi na nyeupe. Rangi ikiondoka unabakiwa na mkato, mkunjo na mahali mwanga ulipotokea. Kwa fundi hilo ni darasa. Kisha Mchangani kwenye maduka ya nguo, hapo sikufundishi.

Pwani ya mashariki, Paje au Jambiani, nenda siku za bamvua maji yanapokuwa yametoka mbali. Mchanga ule mweupe unapandisha mwanga kutoka chini, kwa hiyo uso unapata mwanga juu na chini, na rangi hafifu zinakufa mara mbili. Watizame kina mama wa mwani wanavyovaa: njano, zambarau, nyekundu, kanga juu ya dera juu ya suruali. Mgeni anaona hawakulinganisha. Mimi nawaona kila mmoja unamjua ni nani kutoka mbali, na baharini hilo si jambo dogo.

Juu ya yote hayo, safari zetu wanawake wa visiwani nyingi ni za harusi, maulidi na maziko, na hizo tayari unazo. Ukialikwa Micheweni au Kengeja, umeshapata nauli na sababu. Nenda ukajiulize maswali ya fundi: nani amevaa nguo iliyompendeza wakati anatembea na ikamharibikia alipokaa? Mtandio wa nani haukuanguka hata mara moja, na ameubana wapi? Usipige picha za watu. Wenye shughuli hawapendi, na wana haki. Rudi nyumbani uandike kwenye daftari usiku huohuo mambo matatu tu: rangi moja, mkato mmoja, na namna moja ya kufunga, iwe kifungo, kishikizo au fundo. Ukiandika kumi hutashona hata moja.

Wapo watakaokwambia mambo haya ni ya kimaskini. Waambie kuhusu mchoraji Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954, akachukuliwa Uingereza akiwa mchanga na mama yake aliyekuwa msanifu wa vitambaa. Kati ya aliyojifunza ni kuingia madukani na mama yake kutizama vitambaa, kutizama tu. Mwaka 2017 alipewa tuzo ya Turner, kubwa kabisa ya sanaa nchini Uingereza, na kanga imo ndani ya kazi zake. Alikuwa London yenye kila kitu, akairudia kanga.

Kuhusu picha za simu, nitakuwa mfupi maana mengi umeshayapata. Futa kioo cha kamera kwa pamba safi; nusu ya ukungu ni mafuta ya vidole. Zima taa za ndani unapopiga karibu na dirisha, mianga miwili ya rangi tofauti haisuluhishwi na simu yoyote. Nje, kitizame kivuli chako: kikiwa kirefu kuliko wewe, piga, kikiwa kifupi kuliko wewe, mwingize mvaaji kwenye kivuli cha ukuta, akiielekea mbingu iliyo wazi. Usimweke chini ya mwembe wala mkarafuu. Majani yanatupa kijani juu ya kila kitu, uso unakuwa wa mgonjwa na nyeupe inakuwa chokaa yenye kuvu. Na hili la buibui kuwa kijivu: simu hujaribu kufanya kila picha iwe na mwanga wa kati, kwa hiyo nyeusi nyingi inaipandisha na nyeupe nyingi inaishusha. Gusa kioo juu ya nguo, kisha vuta mwanga chini kwa buibui, juu kwa kanzu. Darizi nyeusi juu ya nyeusi ipige kwa mwanga wa ubavuni, mvaaji asimame sambamba na mlango. Ukiupiga kwa mbele uzi wote unalala. Watu husema chema chajiuza. Kwenye simu, chema kilichopigwa picha mbaya hakijiuzi.

Tuje kwenye mtindo wako. Unataka watu waijue nguo yako, na nahofia utakimbilia kushona lebo ya jina lako shingoni, kwa nje, kubwa. Lebo weka, ila ndani. Kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, zinazotoka tangu 1887, zina maandishi madogo ukingoni, K.H.E. na Mali ya Abdulla, na kwa miaka yote hiyo mnunuzi anageuza ukingo kuyatafuta. Kwanza aliipenda doti, ndipo akatafuta ni ya nani. Alama yako iwe kitu kinachofanya kazi: pindo la ndani la mkono lenye rangi ya pili inayoonekana mkono ukinyanyuliwa, kishikizo cha mtandio kilichofichwa begani, mfuko, kwa sababu mwanamke wa Pemba ana simu na nauli na hana pa kuvitia. Chagua kimoja kutoka kwenye daftari lako, ukitie kwenye kila nguo kwa mwaka mzima, hata mteja asipokiomba na hata ukichoka nacho. Wewe utachoka mapema kuliko wateja. Wao ndiyo kwanza wanaanza kukizoea. Mshonaji wa kofia ya kiua anajulikana hivyo, kwa jinsi anavyozungushia uzi vitobo na ukaribu wa safu zake, na mwenye kujua akiishika kofia anakutajia ni kazi ya nani.

Na wewe uvae kazi zako. Mganga hajigangi, lakini fundi hana udhuru huo. Nimewaona mafundi wanaokaa cherehani na dera lililopauka, nyuma yao yametundikwa magauni ya maelfu. Huhitaji nguo nyingi. Jishonee chache kwa rangi mbili ambazo umezijaribu kwenye mwanga wa uwanja wako na zikaupokea uso wako vizuri, kitambaa cha pamba kisichokutoa jasho kwenye kazi, zote zikiwa na ile alama yako. Rangi zijaribu hivi: saa nne asubuhi, kivulini, bila poda, weka kitambaa chini ya kidevu na mtu unayemwamini akutizame. Akisema "umeamka vizuri leo," ichukue. Akisema "kitambaa kizuri," iache. Ukienda sokoni Chake na nguo hizo wiki baada ya wiki, watu watakuuliza.

Mteja akikuletea tena picha ya Dubai, usimkatalie na usimkopie mzima. Ipokee, muulize saa na mahali, mtoe mlangoni na kitambaa, umwongezee alama yako, na umwambie bei kabla ya kukata. Wengine wataondoka. Mwenye kutaka nakala kamili yupo fundi wake, na haki ya Mungu mwachie yeye, wewe upumue.

Limebaki chumba. Waridi usipake, mwanangu, nakuomba. Ukuta wa rangi unarudisha rangi yake juu ya kila kilichomo ndani: kitambaa cheupe kitakuwa na haya, kijani itachafuka, na wewe utalinganisha uzi juu ya uongo huo siku nzima. Paka chokaa nyeupe au rangi nyeupe isiyong'aa, hasa ukuta unaotizamana na dirisha, maana huo ndio utakaokurudishia mwanga mkononi. Kama sakafu ni ya simenti nyekundu, nayo inatupa wekundu kwa chini. Tandika mkeka wa miyaa isiyotiwa rangi pale penye cherehani. Hamu ya waridi ipeleke kwenye pazia la mlango wa ndani, ambao hauko mkabala na dirisha, au kwenye mto wa kiti. Na ukipaka, subiri rangi ikauke kabisa kabla ya kurudisha nguo za wateja ndani, maana harufu ya rangi mbichi ikiingia kwenye lesi hata udi hauitoi.